Chakazi Ilivyogeuka Punda

Ukisimama Mkange, kwenye njia itokayo Bagamoyo na kuvuka mto Wami kuelekea Mkwaja na Pangani, sandarusi huitafuti. Mkaa umejazwa ndani yake, mahindi yamejazwa ndani yake, na kibanda cha chai kimezibwa kwayo upande unaovuja. Ni ule mfuko mweupe wa nyuzi za plastiki ambao wengine huuita kiroba. Mtoto wa shule ukimwuliza sandarusi ni nini, atakunyooshea kidole kwenye mfuko, na hatakuwa amekosea. Lakini babu wa babu yake angelisikia neno hilohilo, angelichukua jembe.

Sandarusi ya babu huyo ilikuwa utomvu ulioganda ukawa mgumu kama kioo. Mti wake ni msandarusi, unaoota katika misitu ya pwani tangu Kenya, ukashuka Tanzania hadi Msumbiji, na ng'ambo ya bahari huko Madagaska, ambako wazee wetu walikuita Bukini. Gome likijeruhiwa, au mdudu akilitoboa, mti hutoa machozi. Machozi hudondoka, hufukiwa na majani na mchanga, kisha mti huzeeka, hufa na kuoza, na utomvu hubaki peke yake ardhini. Rangi yake huanzia manjano hafifu hadi wekundu wa chai ya rangi. Mara nyingine ndani yake yumo sisimizi, au nyuki mdogo asiyeuma, au kipande cha jani, kama vile vilikufa jana.

Katika karne ya 19 kitu hiki kilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za pwani ya Mrima, pamoja na pembe za ndovu. Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua walikichimba wakati mvua imekwisha kulainisha udongo, kwa jembe lilelile la shambani. Richard Burton, Mwingereza aliyeanza safari yake ya bara mwaka 1857 kutoka pwani ya Bagamoyo, aliyatazama mashimo yao akayaona mafupi, mara nyingi hayakufika hata kimo cha mtu, akahitimisha kwamba wachimbaji ni wavivu. Burton aliona uvivu karibu kila alipopita, kwa hiyo tusimtegemee sana kwa hukumu zake. Kwa maelezo ya bidhaa ni mtu mwingine: alikuwa na jicho la karani wa forodha, na kurasa alizoandika juu ya sandarusi katika kitabu chake cha mwaka 1860 bado zina faida.

Mrima kulitumika majina matatu ya bidhaa hii. Kwanza ni sandarusi ya mti, yaani utomvu uliobanduliwa kwenye gome lenyewe, laini, usio na thamani kubwa. Pili ni chakazi: utomvu uliokwisha kuanguka na kufukiwa, lakini ukachimbuliwa karibu na mizizi ya mti ungali hai, au pale mti ulipokuwa hadi juzijuzi. Tatu ni sandarusi hasa, ile iliyopevuka, inayotoka kwenye ardhi ambayo pengine haina msandarusi hata mmoja kwa mwendo mrefu. Mchimbaji aliyeujua msitu wake hakuhitaji mizani wala darubini. Ukitazama vizuri, majina yote matatu yanajibu swali moja tu: umeitoa wapi? Mtini, mizizini, au kwenye ardhi iliyokwisha kuusahau mti wake.

Mfanyabiashara alikuwa na swali jingine.

Sandarusi iliyopevuka, ikioshwa vizuri na kuondolewa ganda lake la udongo, huonyesha kitu cha ajabu. Uso wake wote umejaa vipele vidogo vilivyopangana, kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa manyoya. Waingereza waliuita uso huo ngozi ya bata, nao wataalamu wakabishana miaka mingi juu ya chanzo chake: wengine wakasema ni alama za mchanga uliougandamiza utomvu ungali laini, wengine wakasema ni kusinyaa kwa utomvu wenyewe kadiri unavyokauka ardhini. Kwa mnunuzi mabishano hayo hayakuwa na maana. Vipele vikiwepo, mali ni ya daraja la juu. Visipokuwepo, ni chakazi, au mbaya zaidi. Sandarusi hii ya Afrika Mashariki ilihesabika kuwa ngumu kuliko kopali zote za dunia (kopali ni jina la Wazungu la utomvu wa namna hii), ikikaribiana na kaharabu, na vanishi iliyopikwa kwayo ndiyo iliyong'arisha magari ya farasi na samani za matajiri wa Ulaya na Marekani. Chakazi ikichanganywa humo, vanishi hubaki laini na huvurugika mapema.

Lakini vipele havionekani mpaka uoshe. Shimoni, mikononi mwa mchimbaji, kipande kimevaa udongo mwekundu na hakina tofauti kubwa na kokoto. Kwa hiyo mwenye kuosha ndiye mwenye kusema hii ni ya daraja gani. Na hapo ndipo historia yote ya bidhaa hii ilipolalia.

Tuanze na nani alikuwa na ruhusa ya kuinunua. Mkataba wa mwaka 1839 kati ya Sultani Seyyid Said na Waingereza uliwaruhusu raia wa Uingereza kufanya biashara katika milki yake, isipokuwa kwa vitu viwili na mahali pamoja: pembe za ndovu na sandarusi, katika kipande cha pwani kutoka Mtang'ata hadi Kilwa. Kipande hicho ndicho Mrima. Mkange, Saadani, Winde na Bagamoyo zote zimo ndani yake. Wazungu walingoja Unguja, mali iletwe na majahazi, ipite forodhani. Na forodha yenyewe ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara Wahindi wenye asili ya Kutch, ambao walimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kwa mwaka na kilichozidi kikawa chao.

Wamarekani walikuwa wametangulia. Edmund Roberts alitia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Waters alikuwa balozi na papo hapo mfanyabiashara, jambo ambalo siku hizo halikumtia mtu aibu. Aliona haraka kwamba kushindana na Jairam ni kupoteza wakati, wakapatana. Mali nyingi ya Mrima ikawa inapita kwa mmoja na kuishia kwa mwingine, na wafanyabiashara wengine, hata wa Salem hiyohiyo, wakabaki wakinung'unika. Meli za Salem zilileta kitambaa kile cha pamba kilichopendwa mno bara hata kikaitwa merikani, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi.

Sandarusi hiyo ilipakiwa kama ilivyotoka ardhini. Aliyenunua frasila moja, yaani ratili 35 au kama kilo 16, alinunua pia mchanga wa Mrima uliogandamana nayo. Salem kulikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple ambacho kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuilowesha katika maji ya magadi, kuisugua, kuianika juani kwenye majukwaa ya mbao, kisha kuichambua kipande kwa kipande. Hapo ndipo vipele vilipojitokeza kwa mara ya kwanza. Mtu wa Massachusetts, ambaye hakuwahi kuona msandarusi maishani mwake, alikishika kipande kilichotoka shimoni miezi mingi iliyopita na kusema: hii ndiyo, hii siyo.

Fikiria hesabu inavyorudi kinyumenyume. Mnunuzi wa Salem hajui gunia lina chakazi kiasi gani, kwa hiyo anapunguza bei anayomwagizia wakala wake Unguja. Wakala anapunguza kidogo zaidi kwa mwenye forodha, naye kwa Mhindi mwenye duka Bagamoyo au Saadani, na mwenye duka anapunguza kwa yule aliyetoka porini na kikapu kichwani. Kila mmoja katika mnyororo anajikinga na jambo asilolijua. Mtu mmoja tu ndiye anayelijua, naye ni yule wa mwisho, ambaye hakuna anayemwuliza. Sishangai kwamba kokoto na chakazi viliingia maguniani. Ukilipwa bei ya chakazi hata ukileta sandarusi, utaleta nini kesho?

Lile neno chakazi nalo lilipanda meli. Masikio ya wafanyabiashara wa kigeni pale Unguja yalilisikia likifanana na neno la Kiingereza la punda dume, nao wakaanza kusema na kuandika kopali ya punda. Burton alilieleza kosa hilo waziwazi, lakini jina lilikuwa limekwisha kushika. Katika orodha za bei za nchi za mbali mtu alisoma kopali ya punda akadhani, na ana haki ya kudhani, kwamba ni mali ya kijinga, takataka, au labda iliyobebwa na punda. Neno lililoeleza mahali likageuka kuwa tusi. Mali yenyewe haikutupwa: ilipelekwa Bombay na China ikapikwa vanishi ya bei nafuu.

London walikuwa na mkanganyiko wao. Kwa miaka mingi sandarusi ya Mrima iliwafikia kwa njia ya Bombay, kwa sababu ndiko biashara ya Wahindi wa Unguja ilikoelekea. Iliposhushwa kwenye maghala ya mto Thames ikaitwa animi, na ikagawanywa: animi ya Bombay na animi ya Zanzibar. Bombay haina msandarusi. Kilichotofautisha animi hizo mbili kilikuwa ni nani aliiosha na kuichagua, na kwa uangalifu gani, lakini msomaji wa orodha aliona majina mawili akaamini ni nchi mbili. Hata wanasayansi walikwama humo. Wako walioamini mti wake ni wa India, na wako waliosema ni ule wa Amerika ya Kusini, kwa kuwa utomvu unafanana.

Aliyefungua fundo ni John Kirk. Alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Livingstone katika mto Zambezi, kisha mwaka 1866 akaja Unguja, ambako baadaye angekuwa balozi mkuu wa Uingereza mwenye sauti kubwa kuliko masultani aliowashauri. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alipeleka Uingereza maelezo juu ya sandarusi ya Zanzibar pamoja na vielelezo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ndani ya vipande vyenye vipele, vilivyochimbwa mahali pasipo na miti, aliona majani na maua, na yalikuwa majani na maua ya msandarusi uleule unaoota leo pwani. Si mti wa India, si wa Amerika, wala si mti uliokwisha kutoweka duniani.

Kinachonivutia katika andiko la Kirk ni mpangilio wake. Hakuziandika bidhaa kwa madaraja ya Salem wala ya London. Aliziandika sandarusi ya mti, chakazi, na sandarusi, kwa Kiswahili, kwa maana ileile ya wachimbaji. Daktari mwenye Chuo cha Edinburgh nyuma yake alitazama mifumo yote ya kupanga daraja iliyokuwa mezani, akachagua wa Mrima, kwa sababu ndio pekee uliosema kitu juu ya maumbile.

Biashara haikufuata sayansi. Ilifuata ushuru. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, serikali ya huko ilihitaji fedha, na ushuru ukaangukia pia sandarusi isiyosafishwa. Kwa pigo hilo kuosha Salem kukawa hasara. Kiwanda cha Whipple kikakosa kazi, na magadi, majukwaa ya kuanikia na macho ya kuchagua vikawa mambo ya Unguja, ambako tayari baadhi ya nyumba za biashara zilikuwa zikiosha. Kipimo kikahama kwa kalamu ya bunge la Washington, bila kipande kimoja cha sandarusi kubadilika. Sasa meli zilibeba mali safi, vipele wazi, na mabishano juu ya chakazi ni kiasi gani yakafanyika Forodhani badala ya Massachusetts. Yalisogea karibu na shimo kwa maelfu ya maili, lakini bado bahari ilikuwa kati.

Kilichofuata hakina mengi ya kusimulia. Kuanzia miaka ya 1870 mpira wa porini ulipanda bei, na mikono mingi ya Mrima ikaacha jembe na kufuata mitoria, mimea itoayo mpira huo. Kongo ya Wabelgiji ikaja na kopali yake, laini zaidi lakini nyingi mno. Halafu mwaka 1923 rangi ya Duco ya kampuni ya Du Pont ikaanza kupakwa kwenye magari ya General Motors. Ilikauka kwa saa chache pale vanishi ilipohitaji siku na wiki. Msandarusi ukabaki mti wa msitu, mbao za kujengea, na ubani wa mara mojamoja. Jina likabaki bila mwenyewe, hadi plastiki ilipolichukua.

Lakini wako watu ambao hawakuwahi kuitaka kwa vanishi. Tangu mwanzo wako waliotafuta kile kipande chenye mdudu ndani, na hao hawajaacha. Katika nchi za Ulaya na Marekani, na sasa China pia, kuna wakusanyaji wanaonunua kaharabu na kopali kwa ajili ya nyuki, buibui na mchwa waliomo. Kwao umri ni bei. Mdudu wa kaharabu ya Baltiki ana miaka zaidi ya milioni 30. Wa kopali ni mdogo sana kwake, lakini maneno kama "mamilioni ya miaka" yamebandikwa kwenye vipande vya Madagaska na vya Afrika Mashariki mara nyingi bila aibu. Wenye uzoefu hudondoshea tone la spiriti: kaharabu haijali, kopali hunata. Jaribio hilo ni la daraja moja tu. Halikuambii kopali yenyewe ina miaka mia au laki.

Mwaka 2020 kundi la watafiti, wakiwemo Mónica Solórzano-Kraemer wa makumbusho ya Senckenberg ya Frankfurt na Xavier Delclòs wa Barcelona, walichapisha pendekezo la kupanga upya majina. Kopali, walisema, iwe ni utomvu wa kati ya miaka milioni 2.58 iliyopita na mwaka 1760. Kilichotoka mtini baada ya hapo kisiitwe kopali kabisa. Kipewe jina jipya, utomvu wa zama za kutoweka kwa wanyama, kwa kuwa wadudu waliomo ni mashahidi wa misitu iliyokuwa ikifyekwa tangu viwanda vianze. Mwaka huohuo Delclòs na wenzake walitoa matokeo ya vipimo vya utomvu wa msandarusi wa Madagaska. Ile mali iliyouzwa miaka mingi kama ya kale sana, umri wake ulikuwa mamia machache ya miaka, na mara nyingine chini ya hapo.

Wakusanyaji wa kadi za michezo kule Marekani wanaujua msukosuko wa aina hii. Kampuni inayopima kadi ikibadili kipimo au lebo ya kasha lake, kadi ile ile iliyolala kabatini inaamka asubuhi ikiwa na thamani nyingine. Mwenye kopali naye ameamka hivyo. Tone lililodondoka mwaka 1759 ni kopali. Ndugu yake aliyedondoka kutoka tawi lilelile mwaka 1761 siye. Mpaka wa namna hiyo unachekesha kidogo, na nadhani hata waliouweka wanajua. Ila tazama walichofanya: wameacha kuuliza kipande kinang'aaje, wakarudi kuuliza kilitoka mtini lini. Chakazi, kwa maana yake ya Mrima, imerudi ikiwa na koti la maabara.

Hata mti umebadilishiwa lebo. Vitabu vya zamani viliuita Trachylobium. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wameuingiza katika jenasi ya Hymenaea, ambayo ndugu zake wengine wote wako Amerika. Wale wa London waliosema unafanana na mti wa Amerika ya Kusini hawakuwa mbali sana na ukweli.

Tatizo lililobaki ni la droo. Makumbusho ya Ulaya yana vipande vingi vya zamani vya sandarusi yetu, vilivyooshwa, vilivyong'arishwa, na kando ya kila kimoja kuna kadi ndogo iliyoandikwa kwa wino: Zanzibar. Zanzibar ndiko vilikopakiwa. Vingi vilichimbwa ng'ambo, bara. Kupima umri wa kipande kimojakimoja kunawezekana, lakini mtafiti anayetaka kujua kilitoka tabaka gani la udongo, kina gani, msitu ukiwa bado umesimama au umekwisha, hana pa kuanzia. Angehitaji jina la shimo. Nyuma ya Mkange, upande wa msitu wa Zaraninge, au kuelekea Saadani, shimo lilikuwa na jina, na yule mtu mwenye kikapu kichwani alilijua alipokuwa akipanga foleni dukani kupimiwa frasila zake.